Injini inamisi baada ya kufungwa upya: namna ya kuisaka silinda mbovu kabla ya kufumua hedi

Lori limefunguliwa injini uani, limewekewa slivu (kuta za silinda), pistoni na ringi mpya, limefungwa, limewaka. Halafu linamisi, yaani kuna silinda isiyochoma: linatikisika, linakohoa moshi mweupe, na ukipiga resi linaitikia kwa uvivu. Hapo wengi hurudi moja kwa moja kwenye spana ya hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda. Nakusihi uiweke chini kwanza.

Injini iliyotoka kufungwa ina faida ambayo injini iliyochoka haina: unajua kila mahali ulipopita mkono. Ubovu karibu kila mara uko kwenye kitu kilichoguswa wakati wa kufunga, na vingi kati ya hivyo hufikiwa bila kumwaga maji ya rejeta. Ukikimbilia hedi unaharibu gasketi ambayo pengine ilikuwa nzima. Na kwa sisi wa Kigoma gasketi ni safari: ukiikosa dukani mtaa wa Mwanga, unaagiza Dar es Salaam, unasubiri basi, na lori limekaa juu ya magogo huku mwenye chumvi yake Uvinza anatafuta gari jingine.

Maelezo haya ni ya injini za dizeli zenye pampu ya kawaida isiyo na kompyuta, za silinda nne au sita. Ndizo zilizo kwenye malori mengi yanayobeba chumvi, mawese, dagaa na mahindi huku kwetu. Zile za komoni reli (za kompyuta, zenye reli moja ya presha kwa silinda zote) nitazitaja tu pale zinapohitaji tahadhari.

Kabla ya kuwasha tena

Weka magogo kwenye tairi, giya iwe huru, hendibreki juu. Tayarisha kipande cha ubao bapa kinachoweza kuziba mdomo wa bomba la hewa. Injini iliyofungwa upya inaweza kupanda resi yenyewe na isizime kwa swichi, hasa kama fimbo ya ndani ya pampu imekwama, na njia ya haraka ya kuizima ni kuinyima hewa. Ziba kwa ubao, usizibe kwa kiganja wala kwa kitambaa laini, maana injini itakivuta.

Jambo la pili ni zito zaidi. Dizeli inayotoka kwenye nozo (kinyunyizio cha dizeli cha kila silinda) hutoka kwa presha inayotoboa ngozi. Usipeleke kidole kutafuta mvujo kwenye paipu za presha; tumia kipande cha kadibodi. Mtu akichomwa na dizeli namna hiyo, hata kama kidonda ni kama alama ya sindano na hakiumi, apelekwe hospitali saa ile ile na daktari aelezwe kuwa dizeli imeingia mwilini kwa presha. Kusubiri kesho kumewagharimu watu vidole na mikono.

Moshi na mlio

Iwashe, iache kwenye sailensa (mzunguko wa chini bila kukanyaga mafuta), usikimbilie resi. Moshi mweupe unaowasha macho na kunuka dizeli mbichi ni mafuta yanayoingia silinda bila kuungua. Moshi mweupe usiowasha macho, na maji ya rejeta yanapungua, ni maji yanayoingia kwenye silinda. Bluu ni oili, na kwa ringi mpya ambazo hazijakaa vizuri bluu kidogo mwanzoni isikutie hofu. Mweusi maana yake dizeli ni nyingi kuliko hewa. Angalia kwanza kama tambara lililozibia bomba la hewa wakati wa kazi bado limo ndani. Hilo hutokea.

Kisha sikiliza mpigo. Kama kuna pengo linalorudi kwa mpangilio ule ule, tuk-tuk-tuk-kimya, ni silinda moja. Kama injini nzima ni dhaifu na inakohoa bila mpangilio, fikiria upepo kwenye dizeli au taimingi (wakati pampu inapopeleka dizeli). Utofauti huu ubebe kichwani muda wote, kwa sababu taimingi ya pampu ikikosewa huathiri silinda zote. Silinda moja iliyokufa peke yake haisababishwi na taimingi, na anayezungusha pampu kuitibu anaongeza tatizo la pili juu ya la kwanza.

Kuitafuta silinda iliyokufa

Njia ya kwanza ni ya maji. Injini ikiwa baridi, iwashe, iache dakika moja au mbili, kisha dondosha tone la maji kwenye manifoldi ya ekzosi karibu na kila tundu la hedi. Linalokauka mara moja linatoka kwenye silinda inayofanya kazi. Tone likikaa, likatambaa polepole, silinda hiyo haichomi. Fanya mapema, kwani manifoldi ikishapata moto wote jibu linapotea. Mwenye kipimajoto cha bastola atumie hicho. Anachotafuta ni tofauti kati ya tundu na tundu.

Njia ya pili inathibitisha. Injini ikiwa sailensa, funika nati ya paipu ya presha kwenye nozo ya kwanza kwa tambara, legeza robo mzunguko mpaka dizeli ianze kutoka pembeni. Sikiliza. Mlio ukibadilika na injini ikashuka nguvu, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Kaza, nenda ya pili, halafu ya tatu. Utakapofika kwenye ile ambayo ukilegeza hakuna kinachobadilika, umeipata.

Na hapo hapo tazama dizeli inavyotoka kwenye nati uliyoilegeza. Ikitoka kwa mapigo yenye nguvu, sawa na zile nyingine, pampu inafanya kazi yake na ubovu uko mbele: nozo au kompresheni (mbano wa hewa ndani ya silinda). Ikitoka povu, kuna upepo. Isipotoka kitu, rudi nyuma kwenye pampu. Nati moja imekujibu maswali matatu.

Kwenye injini ya komoni reli usilegeze nati yoyote ya presha wakati inafanya kazi. Presha ya reli inaweza kupita bar 1,600. Huko unatumia mashine ya kusoma injini, na baadhi ya aina zinataka namba zilizoandikwa juu ya kila nozo ziingizwe kwenye kompyuta baada ya kubadilisha.

Andika matokeo kwa chaki kwenye bampa, kwa kuwa namba za silinda zilizokufa zinasema mengi. Moja peke yake: nozo, tapeti (uwazi wa valvu) au kompresheni ya silinda hiyo. Mbili zilizopakana: gasketi ya hedi imevuja katikati yao, au paipu zake zimebadilishana. Mbili zisizopakana: paipu kwanza.

Paipu zilizobadilishana

Hili hutokea zaidi kuliko watu wanavyodhani, hasa pampu iliposhushwa na paipu zikafunguliwa moja moja badala ya kuachwa kwenye vibanio vyake. Injini nyingi za silinda nne zilizopangwa mstari huchoma kwa mpangilio wa 1-3-4-2, na za silinda sita 1-5-3-6-2-4. Kitabu au kibati cha injini yako ndicho chenye neno la mwisho.

Tuseme paipu ya 2 na ya 3 zimebadilishana kwenye injini ya 1-3-4-2. Pampu ikileta dizeli ya silinda ya 3, inaingia silinda ya 2, ambayo wakati huo pistoni iko juu lakini valvu ya ekzosi inafunga na ya hewa inafungua. Hakuna kompresheni, hakuna joto. Dizeli inatoka mbichi kwenye ekzosi. Silinda mbili zimekufa, moshi mweupe umejaa uani, na kila kitu ndani ya injini ni kizima. Basi fuata kila paipu kwa kidole, injini ikiwa imezimwa, kutoka pampu hadi nozo. Kwenye pampu za mstari, tundu la kwanza mara nyingi ni lile la upande wa giya, na matundu yanafuata silinda kwa namba. Kwenye pampu ya mzunguko matundu hufuata mpangilio wa kuchoma, na hapo ndipo watu wanapotea.

Upepo kwenye dizeli

Kama injini inakohoa bila mpangilio, au inawaka vizuri kisha inadhoofika, shughulika na hili kabla ya jingine lolote. Toa upepo kwa utaratibu: piga pampu ya mkono huku umelegeza skrubu ya kwenye filta mpaka povu liishe, kaza, kisha skrubu ya kwenye pampu, kaza, mwisho legeza nati za nozo na zungusha stata mpaka kila moja itoe dizeli.

Upepo ukirudi, unaingia upande wa kuvuta, kati ya tangi na pampu ya kuvutia, mahali ambapo hutaona hata tone likivuja. Weka kipande cha mpira unaoonyesha ndani kabla ya pampu, uangalie mapovu. Njia rahisi zaidi: jaza dizeli safi kwenye dumu, lining'inize juu kuliko pampu, unganisha mpira moja kwa moja. Injini ikitulia, ubovu uko kwenye tangi, paipu ya tangi au filta. Mara nyingi utakuta washa (pete) za shaba zilizorudishwa zikiwa kuukuu, au mpira wa filta uliokaa upande.

Washa ya shaba iliyotumika hulainishwa kwa kuichoma mpaka iwe nyekundu na kuipoza. Kwenye paipu za kuvuta hilo linatosha. Kwenye kiti cha nozo mimi naweka mpya, bei yake haistahili kubahatisha.

Kipindi cha mvua, na kama dizeli imenunuliwa kwenye mapipa njiani, mwaga kwanza maji ya chini ya filta. Matone ya maji yanatosha kuleta kukohoa unakodhani ni kosa la kufunga.

Nozo

Kama silinda imekufa na dizeli inafika kwa nguvu, hamisha nozo. Toa ya silinda mbovu, weka kwenye silinda nzima, na ile nzima ilete huku. Ubovu ukihama na nozo, peleka nozo benchi (mashine ya kupimia nozo). Ukibaki palepale, nozo haina hatia na unaelekea kwenye tapeti na kompresheni.

Unapoitoa, mulika ndani ya tundu lake kwa tochi. Tafuta washa ya shaba ya zamani iliyobaki chini. Ikikaa kwenye giza lile na masizi yake, inafanana kabisa na kiti cha hedi, na fundi huweka mpya juu yake. Nozo inakaa juu kuliko inavyotakiwa kwa unene wa washa moja, mnyunyizo wa dizeli unapiga mahali pasipotakiwa kwenye pistoni, na silinda inatoa moshi na kumisi. Ikitokea kinyume, washa ikasahaulika, gesi hupanda pembeni mwa nozo na utaona masizi meusi mabichi kuizunguka. Ingiza kijiti chembamba ukisikilize: kiti cha hedi ni kigumu na kinateleza, washa ya shaba ina ukingo unaokwamisha kijiti.

Kupima nozo kwa macho hakutoshi. Benchi inaonyesha presha ya kufunguka, ambayo kwa injini nyingi za malori ya aina hii iko kati ya bar 180 na 250, na inaonyesha kama mnyunyizo ni ukungu au michirizi, na kama ncha inadondosha baada ya kufunga. Nozo zote zipimwe pamoja. Tatu sawa na moja tofauti ni injini inayotikisika.

Tapeti

Valvu iliyokazwa kupita kiasi haifungi, na silinda isiyofunga haina kompresheni. Baada ya hedi kusagwa au valvu kukatwa viti, vipimo vya zamani vya tapeti havifai tena hata kama hukugusa nati. Kwa hiyo kila kitu kinawekwa upya, injini ikiwa baridi kama kitabu kinavyotaka, na kwa uwazi ulioandikwa kwa injini hiyo. Usiazime namba ya lori la jirani.

Kwa 1-3-4-2, weka silinda ya kwanza topu ya kuchoma, yaani pistoni juu kabisa ikiwa tayari kuchoma. Utaijua kwa kuangalia silinda ya 4: valvu zake zinapishana, moja inafunga huku nyingine inaanza kufungua. Hapo seti valvu zote mbili za 1, ya hewa ya 2, na ya ekzosi ya 3. Zungusha krenki (shafti kuu ya injini) duara zima, kisha seti zote mbili za 4, ya hewa ya 3, na ya ekzosi ya 2. Kwa silinda sita zenye 1-5-3-6-2-4, tumia jozi: 1 na 6, 5 na 2, 3 na 4. Mmoja wa jozi valvu zake zikipishana, seti za mwenzake.

Ukiwa hapo juu, toa pushirodi (vijiti vya kusukumia roka) za silinda mbovu na uziviringishe juu ya kioo cha dirisha. Iliyopinda itaruka-ruka. Angalia pia kama pushirodi ilikaa ndani ya kikombe chake chini au iliegemea ukingoni. Iliyoegemea ukingoni huruka baada ya mizunguko michache, na utaiona roka, mkono unaokanyaga valvu, imelegea kabisa.

Taimingi

Kama silinda zote ni dhaifu sawasawa, moshi mweupe hauishi hata injini ikipata moto, taimingi imechelewa. Ikigonga kwa mlio mkali wa chuma tangu sailensa, imewahi. Kwanza hakiki alama za giya za mbele, kisha alama ya pampu.

Kwa pampu ya mstari kuna ukaguzi usiohitaji kifaa. Fungua paipu ya tundu la kwanza kwenye pampu, hakikisha wenzo wa kuzimia uko mahali pa kufanya kazi, pandisha pampu ya mkono mpaka dizeli ijae mdomo wa tundu. Zungusha krenki taratibu kwa mkono, uelekeo wake wa kawaida, silinda ya kwanza ikiwa inabana. Kodolea macho uso wa dizeli. Unapoanza tu kucheza, simama na usome nyuzi kwenye puli au flaiwili. Hizo nyuzi kabla ya topu ndizo zilinganishwe na kitabu. Ukilazimika kusogeza pampu, chora mstari kwanza kati yake na injini, na usogeze milimita mbili tu kwa mara moja.

Kompresheni, na upepo wa fundi pancha

Geji ya magari ya petroli isitumike. Nyingi za aina hiyo huishia karibu na bar 20 na dizeli huvuka hapo. Betri iwe imejaa, nozo zote zitolewe, dizeli ikatwe, kila silinda izungushwe muda uleule. Injini nyingi nzima husoma kati ya bar 25 na 32. Mpya haijakaa ringi, kwa hiyo usihukumu namba yenyewe mapema, hukumu tofauti. Silinda tatu zikisoma karibu sawa na ya nne ikawa chini kwa zaidi ya bar 3 au 4, hiyo ndiyo.

Usiwe na geji, tafuta kompresa ya fundi wa matairi. Peleka silinda mbovu topu, valvu zote zikiwa zimefungwa, unganisha mpira wa upepo kwenye tundu la nozo kwa adapta inayobana, na fungua polepole. Mtu aondoke kwenye feni na puli, kwani pistoni ikiwa nje ya topu kidogo upepo utaizungusha krenki kwa nguvu. Sasa tembea na sikio. Upepo kwenye bomba la hewa ni valvu ya hewa. Kwenye ekzosi ni valvu ya ekzosi. Kwenye mdomo wa kujazia oili ni ringi au pistoni. Mapovu kwenye rejeta ni gasketi au hedi iliyopasuka. Kwenye tundu la silinda ya jirani ni gasketi kati yao. Unapata jibu la ndani ya injini bila kuifungua, na hakuna kipimo kingine ninachokiamini kuliko hiki kwa injini iliyofungwa nyumbani.

Ikibidi hedi itoke

Ukishajua upepo unatokea wapi, fungua ukiwa na orodha fupi. Ringi: je, herufi au nukta inatazama juu, na midomo yake imepishana? Gasketi: injini nyingi zina unene tofauti unaochaguliwa kwa kupima pistoni inavyochomoza juu ya bloku, na alama za matundu au mikato ya pembeni huonyesha unene. Slivu: zichomoze sawasawa. Valvu: mimina dizeli kidogo kwenye chumba chake hedi ikiwa imepinduliwa, uone kama inapenya. Boliti zikazwe kwa toki renchi, kwa hatua, kuanzia katikati kwenda pembeni.

Kabla ya kupakia

Silinda iliyokuwa haichomi imekuwa ikimimina dizeli mbichi kwenye kuta zake, na dizeli hiyo imeshuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Toa kijiti cha oili. Kama kiwango kimepanda kuliko ulivyojaza, au oili inanuka dizeli na imekuwa nyepesi kati ya vidole, mwaga yote na filta yake, hata kama uliijaza juzi. Metali (beringi) mpya za krenki hazivumilii oili ya namna hiyo, na zikifa, zinakufa kwenye mlima wa kwanza.

Kisha iendeshe bila mzigo, au na mzigo mwepesi, usiiache sailensa masaa mengi ukidhani unaipumzisha. Ringi hukaa kwa kupewa kazi ya kiasi, na sailensa ndefu hulainisha kuta za slivu mpaka ringi zisishike. Toka mjini uelekee njia ya Kasulu, ambako barabara inaacha usawa wa ziwa, mita 770 hivi, na kuanza kupanda. Mlimani utasikia kama silinda zote zinavuta pamoja. Ikirudi na kupoa kabisa, rudia tapeti, na kama kitabu kinataka boliti za hedi zikazwe tena, zikaze ndipo uende Uvinza kuchukua chumvi.